Ngozi ya Rozela Juu ya Jiwe la Tano

Mama mkwe wangu Vavauni hakuwahi kusema kwamba kitu ni kizuri. Alisema "inapita" au "haipiti," basi, na wanawake sita wa kikundi chetu walikuwa wakingoja neno hilo kama watu wanaongoja kuambiwa mgonjwa wao kaamkaje.

Tunaiita ngozi, ingawa hakuna mnyama aliyeivaa. Vikombe vyekundu vya rozela huchumwa, mbegu zikasukumwa nje kwa kibomba cha bati, vikachemshwa, vikasagwa pamoja na nanasi, vikapikwa tena na sukari mpaka mwiko usimame. Kisha rojo hilo hupakwa juu ya nailoni iliyotiwa mafuta, unene wa ukucha, likaanikwa hadi likubali kubanduka kipande kizima. Kazi hiyo kila mtu bondeni kwetu anaiweza. Kuihukumu ngozi ndiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Vavauni aliinua kila ngozi mbele ya jua na kuutazama wekundu wake, kama umelala sawasawa au una mawingu. Aliizungusha kidoleni: ikivunjika, imekaushwa mno, ikinata, bado ina maji. Aliitikisa karibu na sikio. Mwisho alifumba macho akaigusa pembeni kwa ncha ya ulimi, mara moja tu. Nilipoolewa hapa nikitokea pwani nilidhani ni maringo ya mwanamke mzee. Baada ya miaka kumi na tisa, nami nilikuwa nikizuia pumzi pamoja na wenzangu.

Alizaliwa juu mlimani, katika kijiji cha nyumba za mawe, kabla Wajapani waliotutawala wakati ule hawajawateremsha watu wote bondeni. Alikuwa na miaka tisa. Alishuka na kuku wawili ndani ya kikapu, mama yake akitangulia, na siku nzima ya kutembea mama yule hakugeuka nyuma hata mara moja. Huku chini Vavauni aliolewa, akabeba tangawizi mgongoni kwa kamba ya kipajini, akawapikia wali wajenzi wa reli, akazaa watano, akazika wawili na baba yao. Mashamba ya mawele yalipokosa mikono, rozela ikayashika, naye akaikaribisha. Kusoma hakujua. Ulimi ule ndio uliomfanya, akiingia kanisani, asogezewe nafasi kwenye benchi.

Mwaka ninaousimulia mvua ilikataa kwisha. Rozela ilikuwa imeiva, duka moja la vitafunio mjini lilikuwa limekubali kwa mara ya kwanza kuchukua ngozi zetu, na Jumamosi gari lao lingekuja. Lakini nailoni zetu zilikuwa zikianikwa na kuanuliwa, zikianikwa na kuanuliwa, kama nguo za mtoto anayekojoa. Mume wangu Vikung akapata wazo. Alipanda kwenye kijiji cha zamani siku tatu mfululizo, akarudi na mabamba kumi na mawili ya jiwe jeusi ndani ya pikapu. Jiwe la namna hiyo hunywa joto asubuhi na kulitoa mchana kutwa, kwa hiyo ngozi hukaukia juu na chini.

Vavauni alitoka jikoni akipangusa mikono.

"Umeyatoa wapi?"

"Kwetu kule. Nyumba ya bibi."

"Umemng'olea bibi yako nyumba."

"Nyumba imelala chini miaka mingi, mama. Kuna mti umeota jikoni, mnene kunishinda."

"Hata nguruwe wangu anakushinda. Nakuuliza umeyatoa sehemu gani."

"Ukutani."

"Ukuta upi?"

"Mama, ukuta si ukuta tu."

Vavauni alipita juu ya mawe peku, polepole, kama mtu anayevuka mto. Baadaye niliambiwa kwamba watu wa umri wake hujua kwa nyayo lipi lilikuwa jiwe la ukuta, lipi la paa, lipi la sakafu. La sakafu limesuguliwa na mikeka na miguu ya watu hata likawa kama shavu. Kwetu sisi tuliozaliwa juu ya saruji, jiwe ni jiwe. Vikung hakusema uongo. Hakujua tu.

Tuliyapanga uwanjani, tukayaandika namba kwa chaki, kila mwanamke mawili. La tano na la sita yakawa yangu. Eleng, binti wa shemeji yake Vavauni, aliyezoea kumwita shangazi, mwanamke mwenye mdomo wa wembe na mkono mwepesi kuliko sote, akapata la tisa na la kumi.

Jumanne ukavuma upepo wa moto. Unashuka kutoka mlimani namna hiyo mara chache kwa mwaka. Unapita juu ya kilele, unaacha maji yake upande wa pili, na ukitufikia umekuwa pumzi ya tanuri. Majani ya mipopoo yanakunjamana. Mbwa wanaingia chini ya vitanda. Saa sita mchana kijiji kizima kilikuwa kimya, milango imefungwa, na jua lilisimama juu ya uwanja wetu bila kivuli hata cha kikombe. Ngozi zilikauka kwa saa tano.

Vavauni akaanza kuhukumu. Inapita. Inapita. Inapita. Alipofika kwenye ya jiwe la tano aliinua, akatazama, akaigusa kwa ulimi, kisha akaiweka chini taratibu kuliko alivyoiinua.

"Haipiti."

Nikaishika. Ilikuwa kavu kama zile nyingine. Eleng alikuja akaipapasa.

"Shangazi, hii ikikauka zaidi ya hapa tutaipigilia msumari."

"Ina maji."

"Wapi?"

"Pembeni hapa."

Eleng akaniangalia, nami nikaangalia mawe. Hapo ndipo nilipoona kuku wetu. Walikuwa wakipita uwanjani kutafuta nzige, na walikanyaga kila jiwe, ila walipofika la tano walizunguka. Wote. Hata vifaranga.

Jumatano ikawa vilevile. Nilibadilisha nailoni, nikapaka rojo la sufuria ileile waliyotumia wengine. Jioni yake, "Haipiti." Safari hii niliiinua mwenyewe mbele ya jua linaloshuka, na nikaona. Kutoka ukingoni, palipokatika wima kama kwa kisu, kulikuwa na weusi wa unyevu ulioingia ndani ya wekundu: vilima viwili vya mviringo, kimoja mbele ya kingine. Nikajiambia ni kivuli cha mkono wangu. Nikausogeza mkono.

Alhamisi vile vilima vilikuwa na miundi chini yake, na chini ya miundi vidole vya miguu. Nilivihesabu. Vilikuwa vidogo sana.

Nilimkuta mama kwenye karai la kuoshea vyombo, akijisugua ulimi kwa chumvi.

"Mama, unaonja nini kwenye ngozi yangu?"

"Moshi," akasema. "Moshi wa kuni za mlimani, na mawele yaliyoungua chini ya chungu. Na udongo." Akasukutua, akatema. "Kaa, Paules. Usisimame kama askari."

Nikakaa juu ya ndoo.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Aruai. Alikuwa na miaka sita. Wiki ile aliyoshikwa na homa, meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, mama akayatupa juu ya paa. Hakungoja mengine yaote. Zamani wafu wetu tuliwaweka ndani, chini ya sakafu, wamekaa, magoti yamekunjwa kifuani, ili moto wa nyumba usiwaache. Wajapani walikuwa wamepiga marufuku. Mama aliliinua jiwe alilokuwa akikalia kila siku akipepeta mawele, akamweka Aruai, akalirudisha, akakaa juu yake akaendelea kupepeta. Askari alikuja, akamkuta anapepeta. Baada ya siku kumi na moja tukateremshwa."

Upepo ulipiga bati la jikoni.

"Miaka yote hii nimelala usingizi kwa sababu ya jiwe lile," akasema. "Nyumba ilianguka, nikasema sawa, jiwe lipo. Mvua ilinyesha, nikasema jiwe lipo. Siku ile nyayo zangu ziliniambia, nikakataa kuziamini. Sasa kama ulimi wangu unasema kweli, basi mtoto yuko wazi kule juu, na mwanangu ndiye aliyemfunua, na mimi nimemwanikia ngozi juu ya mlango wake." Alinishika goti. "Maisha yangu yote nimeomba nisikosee. Leo niombee nikosee."

Wenzetu hawakuyajua hayo. Walichokijua ni kwamba mwanamke mwenye miaka sitini na tisa alikuwa akikataa ngozi kavu siku mbili kabla ya gari kuja. Usiku wakasemezana wao kwa wao, na asubuhi ya Ijumaa walikuja wote, Eleng mbele, mashavu yamejaa popoo.

"Shangazi, hatukutukani."

"Anza basi, maana anayetukana ndivyo anavyoanza."

Wakacheka, na Eleng naye akacheka, akageuka kutema rangi nyekundu pembeni.

"Tunasema hivi. Ulimi nao unachoka, kama goti. Popoo umetafuna tangu nikiwa sijazaliwa. Tufanye jaribio. Nitakata vipande vya ngozi kutoka mawe yote, nitaviweka kwenye visahani, namba chini ya kisahani. Macho utafungwa. Za jiwe la tano zitachanganywa humo. Ukizipata, tutanyamaza mpaka tufe. Ukikosa, Paules ahukumu, na wewe ukae kivulini ule tu."

"Kwa nini mimi?" nikasema.

"Kwa sababu wewe hutupendi kiasi cha kutudanganya, wifi."

Vavauni alisema, "Sawa," kwa upole ambao haukuwa wake. Alijifunga mwenyewe kitambaa machoni. Nilijua alikuwa akitaka nini, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa uwanjani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikiomba pamoja naye.

Saa sita. Upepo ulikuwa umesimama ghafla, na ukimya uliobaki ulikuwa na uzito, kama chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Visahani ishirini na nne vilipangwa juu ya meza ndefu ya kanisa. Alivionja kimoja kimoja, akanywa maji kati ya kimoja na kingine. Inapita. Inapita. Kwenye kisahani cha saba alisita.

"Haipiti."

Akaendelea. Cha kumi na mbili: "Haipiti." Cha kumi na nane alikaa nacho mdomoni muda mrefu, akakiondoa, akakirudisha. "Haipiti," akasema, karibu asisikike. Nikadhani amemaliza. Lakini kwenye kisahani cha ishirini na mbili akafungua mdomo na kuufunga tena, na machozi yakatoka chini ya kitambaa.

"Na hiki. Hiki zaidi."

Eleng akavigeuza visahani. Tano. Tano. Tano. Kisha kile cha nne alichokikataa, akakishika juu chini, uso wake ukafunguka.

"Nimeweka tatu tu za tano, shangazi. Hiki ni tisa. Ni changu." Aliligonga jiwe lake kwa mguu. "Kutoka hapa. Umepata tatu, umekosa moja, na hii moja ndiyo ngozi nzuri kuliko zote."

Vavauni alikuwa amevua kitambaa. Usoni mwake niliona kitu ambacho sijakiona tena, tumaini la mtu aliyekosea.

"Nimekosa," akasema. "Eleng, nimekosa kweli?"

"Umekosa, shangazi. Pole."

"Mama." Ilikuwa sauti ya Vikung. Alikuwa akitengeneza tairi la pikapu, na sasa alisimama na spana mkononi, rangi imemtoka. "La tano na la tisa ni jiwe moja. Lilikuwa kwenye kifusi cha ukuta, kubwa, halikubebeka mgongoni. Nililipasua kwa nyundo."

Tuliondoa ngozi, tukayabeba mawe mawili, tukayaweka ukingo kwa ukingo. Yalishikana kama midomo. Na uso wa juu, ulipoungana, ulikuwa laini kama shavu, na katikati yake paling'aa kwa miaka ya mwanamke mmoja kukaa na kupepeta.

Eleng ndiye aliyefanya lililobaki, kwa sababu mkono wake haujui kungoja. Alichukua ngozi yangu ya Alhamisi na ngozi yake ya Alhamisi, akaziunganisha, akaziinua mbele ya jua. Kwenye yake, tuliyoisifu siku tatu, mwanga ulipotoka nyuma tuliona weusi mwepesi, mwepesi mno kwa jicho lisilojua pa kutafuta: kichwa kilichoinama, kidevu juu ya magoti.

Alizishusha.

"Ni nani?" akauliza.

"Mdogo wangu," akasema Vavauni. "Weka chini, mwanangu. Usimfunue zaidi."

Jumamosi gari la mjini lilipokuja lilikuta uwanja umefungwa. Alfajiri pikapu ilikuwa imetufikisha mwisho wa barabara, kisha tukapanda kwa miguu, mwendo wa saa nzima kwenye matete yaliyolowa, maana juu kule upepo wa moto haukuwa umefika na mvua ilikuwa ikinyesha bado. Vikung alibeba nusu moja mgongoni. Nusu ya tisa ilibebwa na Eleng.

"Nipe mimi, shemeji," Vikung alimwambia kila mahali njia ilipochongoka. Huwa anamwita hivyo kwa utani tu.

"Wewe ulishabeba mara moja. Uliona matokeo."

Nyumba ilikuwa rundo la mawe na gome la mti. Vavauni hakuhitaji kuelekezwa. Alienda moja kwa moja nyuma ya ule mti mnene, akapiga magoti, akafagia majani kwa mikono. Palikuwa na mdomo wa shimo, mraba, umezungushiwa vijiwe. Mimi nilitazama viatu vyangu. Sitaki kusema niliona kitu ambacho sikukiona. Ila niliweka kiganja kwenye udongo wa ukingoni ili nisiteleze, na udongo ule, chini ya mvua ya mwezi mzima, ulikuwa mkavu, na ulikuwa na joto, kama mahali paka alipokuwa amelala.

Vavauni alitazama ndani muda mrefu.

"Tumechelewa, mdogo wangu," akasema. "Watoto hawa hawakujua. Hawajui mawe. Lakini wamelirudisha wenyewe, unaona? Huyu mwenye mdomo ndiye aliyebeba upande wa kichwa."

Eleng akapangusa pua kwa mkono wa shati.

Tuliyalaza mawe mawili mahali pao. Katikati ulibaki ufa wa upana wa kidole. Mama alifungua sufuria aliyoibeba kifuani njia nzima, rojo la rozela lililopikwa mpaka likawa zito kama gundi, akaujaza ufa ule kwa mwiko, taratibu, akilainisha kwa kidole gumba, kama anavyolainisha kingo za ngozi. Alichovya kidole kwenye pombe ya mawele, akarusha matone matatu. Juu ya jiwe akaacha ngozi moja nzima, ile bora kabisa ya jiwe la sita. Kisha tukashuka, na yeye akatangulia. Aligeuka nyuma mara nyingi sana. Tulimngoja kila mara.

Duka la mjini lilirudi baada ya wiki mbili, nasi tulikuwa na ngozi za kutosha, zilizokaushwa juu ya mawe ya ukuta. Vavauni alizihukumu zote. Eleng alisimama nyuma yake akimshikia glasi ya maji.

Mwezi wa tatu, mvua zilipokwisha, tulipanda tena sisi wanne kufyeka njia. Ufa ulikuwa umekauka, mgumu na mwekundu, kama kovu lililopona vizuri. Ngozi ilikuwa palepale juu ya jiwe, haikuota ukungu, haikubebwa na upepo. Pembeni ilikuwa imeng'atwa.

Vikung aliinama.

"Panya wa milimani," akasema.

Lakini mng'ato ulikuwa mpana kama sarafu, umekatwa kwa meno madogo, safi, na katikati, pale ambapo meno mawili ya mbele yangepaswa kukata, ulibaki ulimi mdogo wa ngozi ambao haukuguswa.

Vavauni aliiokota. Aliiinua mbele ya jua, akaizungusha kidoleni, akaitikisa karibu na sikio. Akafumba macho, akaigusa kwa ulimi pembeni kabisa, kwenye mng'ato. Tulizuia pumzi, sote watatu.

"Sukari imezidi kidogo," akasema. "Hakuwa mtu wa kupenda tamu."

Akaipasua katikati, akala nusu moja, na nusu nyingine akairudisha juu ya jiwe.